Kutyuni EJ20 ya rali kwa ECU ya kununua: kuanzia waya hadi busti

Mwongozo huu ni wa fundi au dereva mwenye Subaru Impreza ya turbo anayeiandaa kwa rali, autokrosi au mbio za muda, na ambaye ameshaamua kuachana na kompyuta ya kiwandani. Nimeichagua EJ20 kwa sababu ndiyo injini ambayo mafundi wengi wa mashindano hapa kwetu wameshaifungua: silinda 4 zilizolala, kipenyo cha 92 mm, mwendo wa pistoni 75 mm, jumla 1,994 cc. Hatua zenyewe zitakufaa hata kwenye injini nyingine ya turbo. Tarakimu ndizo zitakazobadilika.

Uiweke hii akilini tangu mwanzo: ECU, yaani kompyuta ya injini, huamini kila inachoambiwa. Ukiiambia injekta ni za 565 cc kumbe ni 800, au cheche inaruka digrii 15 kabla ya pistoni kufika juu kumbe inaruka 22, itapiga hesabu zake kwa umakini wote na kukuvunjia pistoni. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya kurasa hizi ni kupima, na laptopu inaingia kwa kuchelewa.

Kanuni na kizuizi cha hewa

Kabla ya kununua chochote, soma kanuni za daraja unaloshindania. Kuna madaraja yanayoruhusu ECU yoyote na mengine yanayotaka ya kiwandani. Angalia pia kipenyo cha kizuizi cha hewa mdomoni mwa turbo. Magari ya Kundi N ya FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, yalikimbia miaka mingi na kizuizi cha 32 mm. Hewa ikishafikia kasi ya sauti ndani ya tundu hilo, hakuna busti (presha inayoongezwa na turbo) itakayopitisha zaidi, kwa hiyo nguvu hukoma kupanda na busti hushuka yenyewe mizunguko inapokuwa juu. Kwenye gari la namna hiyo usihangaike na farasi za mizunguko 7,000. Kazi yako iko kwenye toki, yaani nguvu ya kusokota, kati ya mizunguko 3,000 na 5,500 kwa dakika.

Kuhusu ECU yenyewe, Link ya New Zealand, Haltech na MoTeC za Australia na ECUMaster ya Poland zote zinaiweza injini hii. Link wana bodi inayoingia ndani ya boksi la asili la Impreza na kutumia plagi za kiwandani, na kwa mtu asiye na uzoefu wa waya hiyo inaokoa siku nyingi za kazi. Mwenye mfuko mdogo na subira kubwa ana Speeduino, ambayo michoro na programu yake viko wazi kwa kila mtu. Ushauri wangu: nunua ile ambayo fundi wa karibu nawe ameshawahi kuitumia. ECU ghali isiyo na mtu wa kuulizwa saa tano usiku kabla ya mashindano haina faida kwako.

Afya ya injini

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, throto imefunguliwa yote, betri imejaa, na injekta na koili zimechomolewa. Tofauti kati ya silinda iliyo juu na iliyo chini isizidi asilimia 10. Ikizidi, funga laptopu ufungue injini. EJ20 ina sifa ya kuvunja kingo za ringi za pistoni, na silinda namba 4 mara nyingi ndiyo ya kwanza kuumia.

Halafu tafuta uvujaji. Ziba mdomo wa turbo, ingiza hewa ya kompresa ya bar 1, pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha mpira. Injini inayovuja baada ya turbo huwezi kuityuni, kwa sababu leo itavuja hivi na kesho vile.

Presha ya mafuta ndiyo kipimo kinachorukwa zaidi, na ndicho kinachoua injini nyingi. Regyuleta ya EJ20 hufuata presha ya manifodi moja kwa moja. Ikiwa presha ya msingi, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa, ni bar 3, basi kwenye busti ya bar 1.2 geji lazima isome bar 4.2. Ikisoma 3.7, pampu imechoka au fyulta imeziba, na hakuna tarakimu utakayoandika kwenye jedwali itakayoongeza petroli isiyofika. Funga sensa ya presha ya mafuta na uiunganishe na ECU moja kwa moja. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na seti ya pistoni.

Plagi ziwe za baridi zaidi kuliko za kiwandani. Kwa NGK namba ikipanda ndivyo plagi inavyokuwa baridi, hivyo mwenye 6 aende 7, na mwenye busti kubwa afikirie 8. Punguza pengo hadi 0.6 au 0.7 mm, la sivyo cheche itazimwa na presha.

Je, injekta zinatosha?

Piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Injini ya turbo ya petroli huhitaji takriban 6.3 cc za mafuta kwa dakika kwa kila farasi moja. Ukitaka farasi 350 kwenye injini, unahitaji 2,205 cc kwa dakika, yaani 551 kwa kila injekta. Injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda ilionao, kwa hiyo gawanya kwa 0.85: unapata karibu 650 cc. Zile za STI za 565 cc hazitoshi. Za 750 au 800 zinakupa nafasi ya kupumua.

Kwa nini 85? Kwenye mizunguko 7,000 mzunguko mzima wa mapigo manne huchukua milisekunde 17.1. Injekta ikibaki wazi milisekunde 14.6 imeshafika mwisho wake, kwa sababu inahitaji muda wa kufunga na kufungua tena.

Dai takwimu za injekta kwa muuzaji: ukubwa wake kwa presha gani, na muda wake wa kuchelewa kufunguka kwa kila kiwango cha volti. Asiye na takwimu hizo anakuuzia kitendawili.

Waya

Sehemu hii sitairefusha, lakini usiipuuze. Waya za arthi za sensa zirudi kwenye ECU peke yake, zisifungwe kwenye bodi. Arthi kubwa ya ECU ifungwe kwenye injini yenyewe, kwenye chuma kilichosafishwa rangi. Waya za sensa za krenki na kamu ziwe zenye nyavu ya kinga, na nyavu hiyo iunganishwe upande mmoja tu. ECU, pampu na koili kila moja iwe na rilei na fyuzi yake. Kwenye rali kila kiungo kinatikiswa, kwa hiyo bana kwa koleo sahihi badala ya kuunga kwa risasi na tepu.

Sensa ya lambda, inayopima uwiano wa hewa na mafuta, iwe Bosch LSU 4.9. Ifunge baada ya turbo, ikiwa imeinama angalau digrii 10 juu ya usawa ili maji yasikae ndani yake. Usiiache kwenye eksozi bila umeme huku injini ikinguruma, wala usitumie petroli yenye risasi, kama ile ya ndege ndogo, ukitarajia idumu.

Sensa ya joto la hewa iwe baada ya rejeta ya hewa ya turbo. Sensa ya MAP (presha ya hewa ndani ya manifodi) iwe ya bar 3, inayopima hadi 300 kPa.

ECU imewaka, injini bado

Washa swichi bila kugusa stata, kisha soma kila sensa. MAP lazima ionyeshe presha ya hewa ya mahali ulipo: Mombasa, Tanga au Dar karibu 101 kPa, Nairobi karibu 83. Ikisoma 101 ukiwa Nairobi, umechagua sensa isiyo sahihi kwenye programu. Maji na hewa zisome joto sawa kama gari limelala usiku kucha. Kanyaga mafuta hadi mwisho uone throto inatoka 0 hadi 100.

Ingiza mpangilio wa moto wa 1-3-2-4, ukubwa wa injini, takwimu za injekta na muda wa kuchaji koili. Chagua muundo wa meno ya krenki kwa uangalifu: Impreza za zamani zina meno 6 kwenye krenki na 7 kwenye kamu, za baadaye zina meno 36 yaliyoondolewa mawili mawili mahali patatu. Ukikosea hapa injini haitawaka, au itawaka vibaya kwa namna itakayokuchanganya siku nzima. Pima kila koili na kila injekta kwa amri ya majaribio iliyomo kwenye programu, ukianza na injekta, sikio karibu, kabla pampu haijapewa umeme.

Taimingi ya kweli

Chomoa injekta. Iambie ECU ishikilie cheche kwenye digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, bila kusikiliza jedwali lolote. Piga stata huku taa ya taimingi ikimulika puli ya krenki. Kwa koili zinazokaa juu ya plagi, toa koili namba 1 na uiunge kwa kipande cha waya wa plagi ili taa ipate pa kushika. Rekebisha namba ya ofseti mpaka alama isome 10 kamili.

Injini ikishawaka, rudia kipimo ukiwa mizunguko 3,000. Alama ikitembea kadiri mizunguko inavyopanda, ama waya za sensa ya krenki zimegeuzwa, ama ucheleweshaji wa mawimbi haujarekebishwa. Kuwa mwangalifu na taa za kidijitali zenye kitufe cha kuongeza digrii: kwenye mifumo inayopiga cheche mbili kwa kila mzunguko mzima wa mapigo manne husoma mara mbili ya ukweli. Taa ya kawaida isiyo na kitufe ndiyo rafiki.

Kuwasha mara ya kwanza

Rudisha injekta, hakikisha presha ya oili inapanda ukipiga stata, kisha washa. Weka kikomo cha mizunguko kwenye 5,000 na ukiache hapo hadi jedwali la mafuta litakapokamilika. Iache ipate joto, angalia uvujaji, hakikisha feni inaitika.

Injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila mguu, kuna jaribio zuri la takwimu za injekta: washa taa kubwa, feni na kipulizo cha kabini kwa pamoja. Volti zitashuka. Lambda ikibaki palepale, muda wa kuchelewa wa injekta ni sahihi. Ikiruka, rekebisha takwimu hizo kwanza, kwa sababu kosa hilo litajificha ndani ya jedwali la mafuta na kukusumbua kila altaneta inapochoka.

Jedwali la mafuta

Tumia mfumo wa MAP na mizunguko. Mhimili mmoja ni presha kutoka 20 hadi 260 kPa, mwingine ni mizunguko. Panga visanduku vingi pale turbo inapoamka, kwa kawaida kati ya 2,500 na 4,000, na vichache kwingineko.

Malengo ya lambda ya kuanzia (1.0 ni uwiano kamili, namba ikishuka mafuta ni mengi zaidi): 1.0 kwenye silensa na mwendo mwepesi, 0.90 karibu na presha ya nje, 0.80 kwenye busti, na 0.78 ikiwa gari litakimbia hatua ndefu za joto. Wako wanaosukuma hadi 0.85 kwenye busti ili kupata farasi chache. Kwa rali sioni sababu. Mafuta ya ziada yanapoza pistoni, na hatua ya kilomita 20 hailingani na mpigo wa sekunde 8 kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari.

Kwenye daino inayoweza kushikilia mizunguko, tembea kisanduku kwa kisanduku kuanzia mzigo mdogo. Kanuni ni moja: thamani mpya ni thamani ya zamani mara lambda iliyopimwa, gawanya kwa lambda unayolenga. Kisanduku kikiwa na 80, ukapima 0.88 ukitaka 0.80, andika 88. Ukimaliza safu moja, ya juu yake ikisie kwa kufuata mwelekeo kabla hujaifikia, na siku zote kisia upande wa mafuta mengi. Jedwali zuri ukilitazama kwa picha lina mteremko laini. Ukiona shimo au kilima cha ghafla, usikilainishe kwa kitufe. Tafuta kwanza chanzo chake, kwani mara nyingi ni uvujaji au sensa.

Na hili: injini ikimisi, lambda husoma kana kwamba mafuta ni machache, kwa sababu oksijeni ya silinda isiyowaka inapita hadi kwenye sensa. Anayeongeza mafuta hapo anaizamisha zaidi. Angalia plagi na koili kwanza.

Mafuta ya kukanyaga ghafla yapangwe mwisho kabisa, baada ya jedwali kuu kukaa sawa. Kwa kukosa daino, fanya kazi hii kwenye uwanja uliofungwa au barabara ya mashindano iliyofungwa, mtu mwingine akishika laptopu. Barabara ya umma siyo mahali pake.

Cheche

Hapa ndipo nguvu nyingi zinapopatikana na ndipo injini nyingi zinapokufa. Anza na digrii chache kuliko unavyodhani: kwenye mwendo mwepesi bila busti 30 hadi 35, kwenye 200 kPa anza na 10 au 12. Shikilia mizunguko na mzigo, ongeza digrii moja, tazama toki. Toki ikipanda, endelea. Ikikoma kupanda, rudi nyuma digrii moja au mbili, maana zaidi ya hapo unaongeza presha kwenye pistoni bila kupata kitu.

Kwenye busti na petroli ya kituoni mara nyingi hutafika kwenye kilele hicho: injini itaanza kugonga kabla, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta kulipuka wenyewe ovyo. Sikiliza kwa vipokea sauti vilivyounganishwa na bloku. Kugonga kunasikika kama kokoto zilizotupwa kwenye bati. Sensa ya kugonga nayo ichujwe kwenye masafa sahihi: gawanya 900 kwa pai mara nusu ya kipenyo cha silinda kwa milimita. Kwa 46 mm unapata karibu kilohezi 6.2. Ukisikia hata mara moja, achia mafuta, toa digrii 3 katika eneo lile, kisha ujiulize kama joto la hewa lilikuwa la kawaida.

Tyuni kwa petroli ileile gari litakayokimbilia. Ukinunua mafuta mazuri siku ya daino na ya kituo cha njiani siku ya mashindano, umetyuni gari la mtu mwingine.

Busti na mwinuko

Anza na springi ya westigeti (vali inayozuia busti isizidi) peke yake, solenoidi, vali ya umeme inayoidhibiti, ikiwa imezimwa. Jedwali la mafuta na cheche likishafika hapo ndipo uongeze busti, kidogo kidogo, kwa asilimia za solenoidi zilizowekwa kwa mkono. Udhibiti wa kujirekebisha uwashwe mwishoni, nao upewe nafasi ndogo tu ya kusahihisha.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya hulipita haraka. Naivasha, ambako Safari Rally ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Springi ya bar 0.7 hufanya kazi dhidi ya hewa ya nje: Mombasa itakupa 171 kPa, Nairobi 153. Ukilazimisha 171 ukiwa Nairobi, turbo inatoka kuzidisha presha mara 1.69 hadi mara 2.06. Inazunguka kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi, hivyo kugonga kunakaribia ingawa namba ya MAP ni ileile. Gari lenye kizuizi lina hali mbaya zaidi: hewa inayoweza kupita hupungua sawasawa na presha ya nje, karibu moja ya tano.

Kwa hiyo weka jedwali la busti linalosoma presha ya nje, na ukubali lengo dogo zaidi nyanda za juu. Weka pia jedwali la marekebisho ya mafuta kwa presha ya nje. Kwenye MAP ileile, eksozi inapotoa hewa kwenye anga jepesi silinda hujisafisha vizuri zaidi, na injini hudai mafuta zaidi kwa asilimia chache. Usikisie: gari likityuniwa Nairobi, chukua rekodi ukishuka pwani kabla ya kushindana huko.

Joto la hewa nalo lina jedwali lake. Hewa ikitoka 30 hadi 50 °C hupungua uzito kwa asilimia 6. ECU hulihesabu hilo yenyewe kwa upande wa mafuta, lakini cheche ni juu yako. Anza kutoa digrii 1 kwa kila 10 °C zaidi ya 45.

Mfumo wa kuzuia turbo kulala, ule wa milipuko kwenye eksozi, uache hadi gari limemaliza mashindano kadhaa. Unakula turbo, na ukiwa umewashwa lambda haisemi kitu cha kuaminika.

Kinga

ECU ya kiwandani ilikuwa na walinzi wake. Sasa walinzi ni wewe. Weka hivi kabla gari halijatoka gereji:

- Kukata injini busti ikizidi lengo kwa 15 kPa.
- Kikomo cha mizunguko 3,500 ikiwa lambda inapita 0.88 kwenye busti kwa zaidi ya nusu sekunde.
- Kukata ikiwa presha ya oili iko chini ya jedwali linalopanda na mizunguko. Kikomo kimoja kisichobadilika, kama cha taa ya onyo, hakitoshi.
- Kupunguza busti maji yakifika 105 °C, na kikomo cha mizunguko yakifika 112.
- Kikomo cha mizunguko vilevile presha ya petroli ikipungua bar 0.4 chini ya inayotarajiwa.

Jaribu kila kinga kwa makusudi, kwa kushusha kikomo chake hadi kifanye kazi. Kinga isiyojaribiwa ihesabu haipo.

Baada ya daino

Hifadhi faili kwa tarehe, aina ya petroli na mahali, na umpe mwenye gari nakala. Washa rekodi ya ndani ya ECU irekodi angalau mara 20 kwa sekunde: mizunguko, MAP, lambda, presha ya petroli na ya oili, joto la hewa, kiwango cha kugonga, asilimia ya injekta. Baada ya hatua ya kwanza ya mashindano, tazama mambo matatu kabla ya kuosha kioo: injekta imefika asilimia ngapi, joto la hewa lilipanda hadi wapi, na presha mdomoni mwa turbo ilishuka kiasi gani ikilinganishwa na asubuhi. Hiyo ya tatu inahitaji sensa ya ziada, lakini kwenye vumbi la Naivasha ndiyo itakayokuambia fyulta ya hewa ibadilishwe sasa au inaweza kungoja hadi sevisi.